Tiyo kubwa, motere ya moto

Tunaona motokari mingi za wachimbaji zikitiwa tiyo kubwa ya hewa, ili motere ipate nguvu. Ni vizuri, lakini kuna hesabu ya kurekebisha.

Ndani ya tiyo kuna kapteri: waya mdogo unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kwa umeme unaohitajika kuupasha tena, njo ordinateri ya motere inajua esanse ngapi itie: karibu kilo 1 kwa kilo 14,7 za hewa.

Hesabu ile ilipangwa kwa tiyo ya kiwandani. Ukitoka milimita 70 kwenda 80, nafasi inaongezeka karibu asilimia 30. Hewa inapita pole pole kwenye waya, ordinateri inadanganyika, inapunguza esanse. Ukitembea pole pole hausikii kitu, sababu kapteri ya moshi inasahihisha. Kwenye mlima, na mzigo, motere inapata moto sana. Hata pistoni inaweza kuungua.

Basi baba, mama, mbele ya kulipa, tuulize fundi: iko na mashini ya kuandika hesabu ile upya? Kama hapana, tubakishe tiyo ya zamani. Motere ikikufa, minervali ya watoto inaenda nayo.