Kahawa ya Askari na Deni la Usingizi



Kila mwaka vijana wa parokia zetu wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baadhi hupangiwa Rwamkoma, hapa hapa Butiama; wengine hupelekwa mikoa ya mbali. Je, ni vema mzazi amfungie mwanawe kahawa au vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ili aweze kukesha lindoni? Swali hili linamhusu pia mvuvi wa dagaa wa Musoma, mlinzi wa usiku na dereva wa bodaboda wa Bunda.

Kafeini hufanyaje kazi?

Kahawa, chai na vinywaji hivyo vina kafeini. Tunapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni, nayo ndiyo hutuletea usingizi. Kafeini hukalia kiti cha adenosini, hivyo uchovu hausikiki. Lakini uchovu wenyewe haujaondoka, unangoja mlangoni. Kafeini ikiisha, usingizi hurudi kudai haki yake. Kafeini hailipi deni, inaliahirisha tu.

Majeshi yameona nini?

Askari akisinzia lindoni huhatarisha wenzake wote. Kwa hiyo majeshi yamelichunguza jambo hili. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya wanafunzi 68 wa kikosi maalum cha wanamaji wa Marekani, waliokosa usingizi kwa saa 72 tena kwenye baridi. Waliopewa miligramu 200 au 300 za kafeini walikuwa macho zaidi na wepesi zaidi wa kuitikia. Hata hivyo, shabaha zao hazikuwa bora zaidi. Kuwa macho ni jambo moja, mkono kutulia ni jambo jingine.

Jeshi la nchi hiyo hutumia pia bigijii yenye kafeini, miligramu 100 kila kipande, kwa kuwa hufyonzwa mdomoni na kufanya kazi upesi kuliko kahawa. Lakini ni msaada wa muda mfupi, wenye kipimo. Haichukui nafasi ya usingizi.

Kipimo chetu nyumbani

Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa kina 80 hadi 100 hivi, cha chai 30 hadi 50, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu karibu 80, pamoja na sukari nyingi. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Hivyo kahawa ya saa 12 jioni huweza kuharibu usingizi wa saa 5 usiku.

Tunashauri hivi:

1. Kijana wa JKT hahitaji makopo hayo. Anayekimbia juani anahitaji maji, chakula, na kulala mara anaporuhusiwa.

2. Dereva au mvuvi akizidiwa, asimamishe kazi. Anaweza kunywa kikombe kimoja kisha alale dakika 20. Akiamka, kafeini itakuwa imeanza kazi. Baadaye alale usingizi kamili.

3. Mama mjamzito asizidi miligramu 200 kwa siku. Watoto wasipewe kabisa vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwulize daktari.

4. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma mwilini. Mwenye upungufu wa damu aisubiri angalau saa moja baada ya kula.

5. Uchovu usioisha hata baada ya kulala vizuri usifichwe kwa kahawa. Huenda ni malaria, upungufu wa damu au kisukari. Nendeni zahanati mkapimwe.

Tukumbuke kwamba nabii Eliya alipochoka jangwani, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo akapata nguvu ya safari.