Mashine Kuukuu ya Kukereza: Usiiuze kwa Mizani

Ukitangaza Kitui au Makueni kwamba unauza mashine ya kukereza vyuma, usishangae wa kwanza kubisha hodi akiwa mtu wa skrapu. Ana mizani, ana pesa taslimu, na ana haraka. Tuseme mashine yako, Colchester au Harrison ya zamani kutoka Uingereza, ina kilo 800, naye anatoa shilingi 35 kwa kilo. Hiyo ni 28,000. Mizani haitofautishi gia iliyokatwa kwa ustadi na kipande cha chuma cha kawaida. Ukilazimika kumuuzia, mdai leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 na uandikiane naye. Biashara hiyo ilisimamishwa kwa muda Januari 2022 kwa sababu ya hujuma za nguzo za umeme, na chuma kisicho na karatasi bado kinaweza kukuletea polisi mlangoni.

Nairobi kuna wanunuzi wengi, na bei husikika tamu kwenye simu. Chukua mfano wa 180,000. Dalali akitaka asilimia 10, toa 18,000. Kreni, kanta na wapakiaji wakila 40,000, unabaki na 122,000. Tena mashine ikishashushwa Kariobangi, mnunuzi anajua huwezi kuirudisha nyumbani, na hapo ndipo anapoanza kukata bei.

Fundi wa Wote, Mwingi au Emali akikupa 140,000 na kuibeba mwenyewe, amempita huyo wa Nairobi. Fundi huyo ana kazi ya kuifanyia: shafti za mashine za kusaga unga, bushi, puli, vipuri vya pampu za visima, na malori yanayoharibikia barabara ya Mombasa. Chuo cha ufundi nacho kinaweza kuitaka, ila cha umma hufuata utaratibu wa zabuni na malipo hukawia. Kama una haraka ya karo, usikitegemee.

Kinachopandisha bei ni mashine kuonekana ikifanya kazi. Mashine nyingi za kiwandani zina mota ya fezi tatu, ilhali umeme wa nyumbani kwa kawaida ni fezi moja. Kuifungia kibadilishaji umeme au mota ya fezi moja ni gharama, lakini mnunuzi anayeona chuma kikikatwa mbele ya macho yake habahatishi tena. Mwache pia apime uchakavu: akaze gari la kisu karibu na chaki (kile kishikio kinachozungusha chuma), kisha alisukume hadi mwisho wa reli. Likikwama huko mbali, reli zimelika upande wa chaki, maana hapo ndipo kazi nyingi hufanyika. Mwambie ukweli huo kabla hajaugundua.

Halafu tafuta gia zote kwenye masanduku ya banda. Mashine nyingi za Kiingereza za zamani zina skrubu ya inchi, na ili zikate nyuzi za milimita kwa usahihi huhitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 kamili, yaani 127 gawanya kwa 5. Mnunuzi anayejua kazi ataiulizia gia hiyo. Usimruhusu mtu anunue gia hiyo pekee. Ukivunja mashine vipande, chaki na gia zitaondoka na mwili mzito utakubakia.

Malipo: M-Pesa hupitisha hadi 250,000 kwa muamala mmoja, hivyo inatosha. Usiamini ujumbe tu, angalia salio. Anayelipa kwa awamu alipe angalau nusu, mkataba uandikwe mbele ya shahidi, na mashine ibaki kwako hadi shilingi ya mwisho.

Kabla ya kumpigia mtu wa skrapu, wapigie mafundi watano wa pampu na wenye mashine za kusaga walio karibu nawe.