Hewa Ndiyo Kisu cha Mizizi

Mbegu ya mwaloni ikiangukia udongo wenye unyevu haianzi na majani. Kwanza huteremsha mzizi mmoja mnene na mnyoofu, ambao huzama kwa wiki kadhaa kabla chipukizi halijachungulia juu. Chakula chote kimo ndani ya mbegu, hivyo mti hauna haraka ya jua. Una haraka ya maji. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu mwaloni kupitia Biblia tu, maana kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja inayoota kiasili. Lakini tabia ya kutanguliza mzizi imejaa Mbeya na Iringa. Kokwa la parachichi hupasuka na kutoa mzizi kwanza. Makadamia hali kadhalika. Mninga wa misitu ya miombo ndio usiseme, nao tutaufikia.

Sasa mzizi wa namna hiyo utie ndani ya kiriba cha nailoni, kifuko cha kuoteshea miche.

Kuta za kiriba ni laini na hazipenyeki. Mzizi ukigusa ukuta hautoboi wala haurudi nyuma; huufuata. Ukifika kitako huanza kuzunguka, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chini pamejaa mizizi iliyosokotana. Juu, mche unapendeza: majani ya kijani, shina limesimama. Mnunuzi anatazama majani, analipa, anapakia. Kile kilichomo ndani ya nailoni hakioni, na muuzaji naye hana sababu ya kumwonyesha.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zimepandwa miti kwa viriba. Shamba la Miti Sao Hill, lenye makao yake Mafinga wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini: zaidi ya hekta 135,000. Majaribio ya kupanda miti ya kigeni yalianza huko mwaka 1939, na mti uliotawala hadi leo ni msonobari aina ya Pinus patula, ambao asili yake ni milima ya Mexico. Nje ya shamba hilo, wakulima wadogo wa Mufindi na Kilolo nao wamejaza vilima vyao misonobari na milingoti, na karibu yote imepitia kwenye kitalu cha viriba. Kisha ikaja parachichi.

Parachichi aina ya Hass, ambayo Rungwe na Mufindi wanaiuza nje ya nchi, ina kisa cha mizizi ndani yake. Mti wa kwanza ulioteshwa kwa kokwa na Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta huko California, naye akausajilia hataza mwaka 1935. Kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile ya Tukuyu, unatokana na matawi ya mti huo mmoja kwa njia ya kubebesha. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002, baada ya miaka mingi ya kuuguzwa, na kilichouua ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Aina bora kabisa ya tunda, mizizi dhaifu. Ndiyo maana kitaluni Hass hupandikizwa juu ya mche uliotokana na kokwa la parachichi ya kienyeji: juu mgeni, chini mwenyeji. Fundi wa kubebesha anaweza kufunga kikonyo chake kwa ustadi wote, lakini kama huyo mwenyeji wa chini amejizungusha kitakoni, kazi imeharibika kabla haijaanza.

Madhara hayaonekani mwaka wa kwanza, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mizizi iliyojisokota huendelea kunenepa katika umbo lilelile. Mingine hulikaba shina lenyewe, na maji na chakula vikapita kwa shida. Mingine hushindwa kusambaa, kwa hiyo mti mkubwa unasimama juu ya kifundo kidogo cha mizizi. Uswidi walilijua hilo kwa hasara: misonobari iliyooteshwa kwenye vikopo vya karatasi katika miaka ya 1970 ilikuja kuinama na kulala miaka baadaye, ilhali wakati wa kupandwa ilikuwa mizima. Makadamia hujulikana kwa kung'olewa na upepo hata pale mizizi yake ilipokua vizuri, kwa kuwa mingi hukaa karibu na uso wa ardhi. Mche wa makadamia uliojizungusha unapelekwa shambani ukiwa na kasoro juu ya udhaifu wa asili.

Dawa iliyozoeleka kwenye vitalu vya Tanzania ni kupogoa mizizi kwa mkono. Kila baada ya wiki kadhaa wahudumu hunyanyua viriba kimoja kimoja na kukata mizizi iliyotokeza chini kwa kisu, au hupitisha waya chini ya tuta zima. Kazi hiyo inachosha, na ikicheleweshwa mizizi huwa imeshazama ardhini na kunenepa; ukiikata, mche unanyauka siku hiyohiyo.

Kuelekea miaka ya 1970, mtaalamu wa miche wa Marekani, Carl Whitcomb, aliamua kuiachia hewa kazi hiyo. Alichukua maboksi ya maziwa, akayakata vitako, akayajaza udongo na kuyapanga juu ya wavu wa waya uliotenganishwa na ardhi. Mzizi mkuu uliposhuka na kutokeza chini, ulikutana na hewa kavu, na ncha yake ikakauka.

Ncha ya mzizi ni sehemu ndogo, lakini ndiyo yenye amri. Humo ndimo seli changa hugawanyika, na kadiri ncha inavyoishi ndivyo inavyoizuia mizizi ya pembeni isichipuke kwa wingi. Ikifa, kizuizi kinaondoka. Wachumaji wa chai wa Mufindi na Rungwe wanaijua kanuni hiyo kwa upande wa juu: chuma ncha, kichaka kitatoa matawi. Mzizi uliokatwa na hewa hufanya vilevile gizani, hutoa mingine mingi nyuma yake. Nayo ikifikia hewa inakatwa, inazaa tena. Mche unaishia kuwa na mamia ya ncha zilizosimama pembeni na chini, zikisubiri. Siku unapoingizwa shimoni na kukuta udongo wenye unyevu pande zote, ncha hizo huanza safari kila upande kwa mpigo.

Kutokana na wazo hilo vilibuniwa vyombo vya namna nyingi: trei za plastiki zenye mbavu za kuuelekeza mzizi chini, vyungu vyenye matundu ubavuni, mifuko ya kitambaa. Mwaka 1999, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi, kilitoa mwongozo wa vitalu ulioeleza kasoro za viriba na kuhimiza vyombo vyenye mbavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini.

Trei hizo ni ghali kwa kitalu cha familia, ingawa hutumika misimu mingi. Lakini tukiangalia kwa makini, kinachofanya kazi ni hewa iliyo chini ya chombo. Kichanja kinatosha. Kiriba kilichofunguliwa chini, kikasimamishwa juu ya wavu wa waya na fremu ya mianzi, futi moja au zaidi kutoka ardhini, kinapata sehemu kubwa ya faida hiyo, hata kama kuta zake bado ni laini. Na Iringa, mkoa wa ulanzi, pombe itokanayo na mianzi, haijawahi kukosa mianzi.

Sharti moja gumu ni maji. Chombo kinachopitisha hewa hukauka upesi, na kiangazi cha Mufindi chenye upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, hakisamehe kitalu kilichosahauliwa hata wikiendi moja. Sharti la pili ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukijazwa peke yake hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Kinachotakiwa ni mchanganyiko mwepesi, na vifaa viko karibu: pumba za mpunga kutoka Mbarali, zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, na maganda ya misonobari yaliyoozeshwa, ambayo viwanda vya mbao vya Mafinga huyatoa kwa malundo. Kwa miche ya misonobari, kiganja cha udongo kutoka msitu wa misonobari ni cha lazima, kwa sababu hubeba kuvu wanaoishi na mizizi na kuisaidia kufyonza fosforasi. Bila kuvu hao mche hudumaa na kuwa wa njano.

Sheria nayo haikuviondoa viriba: tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lakini vifungashio vya sekta ya kilimo viliachwa. Viriba basi bado vipo, na vipande vyake bado vinafukuliwa na jembe mashambani.

Je, hewa inafaa kila mti? Hapa mninga unaleta ubishi. Mche wake msituni hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi mkuu ukizidi kunenepa chini ya ardhi na kuweka akiba, mpaka siku unapokuwa na nguvu ya kurusha shina linaloweza kuvuka ukame na moto. Kuukata mzizi huo ukiwa mchanga ni kuugusa mkakati wote wa mti. Kwa mninga, chombo kirefu, au mbegu kupandwa moja kwa moja shambani, vina hoja nzito kuliko kichanja.

Aliyekwisha kununua miche ya parachichi kwenye viriba bado ana nafasi. Kabla ya kupanda, achane nailoni yote na kuitoa, akate kitako cha udongo pamoja na mizizi iliyojisokota, kisha apitishe wembe wima ubavuni mara tatu au nne. Mche uliotoka kwenye trei hauhitaji upasuaji huo, ila nao hauna subira: tundu lake ni dogo, na ukiachwa kitaluni hadi msimu mwingine wa mvua hudumaa. Kwa hiyo mwenye kitalu cha trei huhesabu kurudi nyuma kutoka mvua za Novemba na Desemba, na hasii mbegu kabla mashimo ya mteja hayajajulikana idadi.