Lavabo na mabomba yafichwayo ukutani
Beseni la kunawia, ambalo mafundi wa Lubumbashi huliita lavabo, kwa kawaida huwekwa ukingo wake ukiwa sentimita 80 hadi 85 juu ya sakafu. Kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu umo katika kuyaficha mabomba, kwani kila mfereji uchimbwao huupunguzia ukuta nguvu. Yafaa mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na ule wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Basi ukuta wa ndani wa matofali, wenye unene wa sentimita 11, hauruhusu hata sentimita 2 za kulala. Ilhali bomba la maji machafu lina kipenyo cha milimita 32, na lapaswa kuteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita. Bomba hilo na lishuke wima, ambapo laingia kwa shida, au libaki nje, hata kama jicho halilipendi. La maji safi, likiwa la shaba, livishwe plastiki, maana saruji yenye unyevu huweza kulila. Kabla ya kupiga lipu, ncha zizibwe na maji yafunguliwe usiku kucha. Aliyeiruka hatua hiyo huja kuujua uvujaji miezi baadaye, rangi ikibanduka katika chumba cha upande wa pili.