"Haiwaki" Si Jina la Ugonjwa: Jinsi ya Kujua Laptopu Yako Imekwama Wapi, na Jinsi ya Kuripoti

Mtu akikwambia "laptopu yangu haiwaki", bado hajakutajia ugonjwa. Amekwambia tu kwamba kuna mgonjwa. Mhoji kidogo utasikia mambo tofauti kabisa. Mmoja akibonyeza kitufe haoni hata taa. Wa pili anasikia feni ikizunguka ila kioo ni cheusi. Wa tatu anaona nembo ya kampuni, halafu inaganda hapo hapo. Wa nne anaona maandishi meupe yakishuka kisha yanasimama. Wa tano anafika mpaka kwenye nywila, anaiandika vizuri, anarudishwa palepale. Wote watano watasema "haiwaki", lakini hitilafu zao haziko mahali pamoja, na dawa ya mmoja inaweza kumharibia mwingine.

Kwa mwanafunzi hili si jambo dogo. Ndani ya hiyo mashine kuna tasnifu, data za utafiti, na pengine nakala pekee ya picha za nyumbani. Majibu ya haraka mtaani huwa mawili: "tupige Windows upya" au "mazabodi imekufa". La kwanza linaweza kufuta kazi ya miaka miwili kwa sababu ya tatizo ambalo lingetibika kwa kubadili mpangilio mmoja. La pili linaweza kukufanya uuze mashine nzima kwa bei ya vipuri. Kwa hiyo kabla hujakubali lolote, tujifunze kusoma dalili.

Mbio za kupokezana vijiti

Kompyuta kuwaka ni kama mbio za kupokezana vijiti. Kuna wakimbiaji watano, na kila mmoja anamkabidhi mwenzake kijiti.

Wa kwanza ni umeme: chaja, betri, kitufe. Wa pili ni famwea, yaani ile programu ndogo inayoishi kwenye chipu ya mazabodi, ambayo wengi tunaiita BIOS (kwenye mashine za sasa ni UEFI). Huyu anakagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha anatafuta wa kumkabidhi. Wa tatu ni kipakizi cha mfumo, mfano GRUB kwenye Linux au kile cha Windows. Kazi yake ni kuuchukua moyo wa mfumo endeshi kutoka kwenye diski na kuuweka kwenye kumbukumbu. Wa nne ni huo moyo wenyewe, kerneli, unaoamsha vifaa kimoja kimoja: kioo, diski, Wi-Fi. Wa tano ni huduma za mfumo pamoja na ukurasa wa kuingilia.

Sasa kanuni ni moja tu: tafuta mkimbiaji wa mwisho aliyeonekana. Ukiona nembo ya kampuni, mkimbiaji wa kwanza amefanya kazi na wa pili angalau ameanza. Ukiona menyu ya GRUB, famwea imekabidhi kijiti, kwa hiyo anayekwambia "BIOS imekufa" mwombe akueleze vizuri. Ukifika kwenye nywila, kerneli ni nzima kiasi cha kutosha, na mazabodi usiiguse.

Dalili na maana yake

*Hakuna taa kabisa.* Jaribu chaja nyingine inayolingana na mashine yako. Chomoa kila kitu, kama betri inatoka itoe, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki ndani iishe. Rudisha, washa. Inaonekana kama uganga, lakini kuna wakati chipu inayosimamia umeme huganda, na inahitaji kukatiwa umeme kabisa ili ianze upya.

*Feni inazunguka, kioo cheusi.* Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kompyuta imewaka na kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Kama una waya wa HDMI, unganisha kwenye TV. Picha ikitokea huko, data zako zipo na mfumo wako mzima. Tatizo ni kioo au waya wake.

*Menyu ya GRUB inaonekana, kisha giza.* Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, kuna uwezekano mkubwa kerneli iko hai na shida ni upande wa picha. Kwenye Linux, taa hiyo ikipepesa yenyewe bila kuguswa, ni kerneli inakwambia imeanguka. Washa tena, kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, futa maneno `quiet splash`, kisha bonyeza F10. Sasa badala ya nembo nzuri utaona maandishi, na mistari ya mwisho kabla ya kukwama ndiyo ushahidi wako. Ukiongeza neno `nomodeset` kwenye mstari huo huo na mashine ikawaka, umeshajua: mgonjwa ni kiendeshi cha picha. Mabadiliko haya ni ya mara moja tu, ukizima na kuwasha yanapotea, kwa hiyo usiogope.

*Nywila ni sahihi lakini unarudishwa.* Kwenye Linux, moja ya sababu za kawaida ni diski kujaa. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, andika `df -h`. Ukikuta 100%, punguza mafaili kwanza kabla ya kumtafuta mchawi.

*Tarehe imerudi miaka ya nyuma kila ukiwasha.* Hiyo ni betri ndogo ya saa iliyoko kwenye mazabodi. Ni kitu cha bei ndogo. Ikiisha, kwenye mashine nyingi mipangilio ya BIOS nayo inajirudisha ilivyokuwa kiwandani, na mfumo uliokuwa unawaka jana leo hauonekani.

Kwa nini vidogo vinasumbua zaidi

Laptopu ndogo za bei nafuu zina vituko vyake, na kimoja kinastahili maelezo kwa sababu kimewachosha watu wengi bure.

Kuanzia mwaka 2013 zilitoka mashine ndogo nyingi zenye prosesa za Intel Atom za kizazi kilichoitwa Bay Trail. Mfano maarufu ni ASUS Transformer Book T100 yenye kioo cha inchi 10.1. Prosesa yake ni ya biti 64. Lakini famwea yake ni ya biti 32, kwa sababu Windows iliyokuja nayo ilikuwa ya biti 32. Yaani mkimbiaji wa pili anaongea lahaja moja, na mwili mzima una uwezo wa lahaja nyingine.

Matokeo yake ni haya. Unachukua flashi yenye Linux ya biti 64, inawaka vizuri kwenye kompyuta ya rafiki yako. Ukichomeka kwenye hii ndogo, haionekani hata kwenye orodha. Utadhani flashi ni mbovu, au tundu la USB limekufa. Kumbe famwea ya biti 64 hutafuta kwenye flashi faili linaloitwa `BOOTX64.EFI`, wakati ya biti 32 hutafuta `BOOTIA32.EFI`. Hilo la pili lisipokuwepo, kwa famwea hiyo flashi yako haina kitu cha kuwashia. Hakuna kilichoharibika, ni kijiti tu kimekosa mkono wa kukipokea.

Dawa ilikuja kwa awamu. Kerneli ya Linux toleo la 3.15, mwaka 2014, ilipewa uwezo wa kuwaka kwa biti 64 juu ya famwea ya biti 32. Debian 8, iliyotoka Aprili 2015, ikaweka uwezo huo kwenye kisakinishi chake. Dawa hiyo ilipatikana kwa sababu kuna watu waliotenganisha "USB imekufa" na "famwea ni ya biti 32", wakaliandika vizuri.

Kituko kingine ni diski. Nyingi ya mashine hizi zina eMMC ya GB 32, na imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Huwezi kuichomoa ukaisomee kwenye mashine nyingine kama diski ya kawaida. Maana yake nakala ya akiba kwako si anasa.

Kabla hujagusa chochote

Kama mashine inafika kwenye flashi ya Linux, iwashe kwa flashi hiyo bila kusakinisha, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ndipo uanze majaribio.

Halafu kuna mtego wa Windows. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya UEFI, mfano kuzima Secure Boot, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute *kabla* ya kubadili kitu. Bila huo, data zipo ila huzipati.

Sanaa ya kugawa nusu

Tuseme jana ilikuwa inawaka, umeapdeti, leo haiwaki. Ubuntu kwa kawaida huacha kerneli ya zamani pembeni: washa, bonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB itokee, ingia kwenye chaguo za ziada, chagua toleo la nyuma. Likiwaka, hongera, umepata kitu cha thamani kubwa sana: toleo zuri la mwisho na toleo baya la kwanza.

Kwa nini ni cha thamani? Kati ya matoleo mawili kunaweza kuwa na mabadiliko 1,000. Mtaalamu hayapimi moja moja. Anajaribu la katikati. Likiwa zima, mkosaji yuko nusu ya pili. Likiwa bovu, yuko nusu ya kwanza. Anagawa tena, na tena. Kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10 inafika 1,024, majaribio kama 10 yanatosha kumpata mkosaji mmoja kati ya 1,000. Lakini bila ncha zako mbili, hana pa kuanzia kugawa.

Ripoti inayosomeka

Ukimwandikia mtengenezaji wa mfumo, au ukimpelekea fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue, mpe haya:

- Modeli kamili ya mashine, ile ya kwenye kibandiko cha chini, pamoja na toleo la BIOS. Kwenye Linux: `sudo dmidecode -s bios-version`.
- Mfumo endeshi na toleo la kerneli: `uname -r`.
- Nini kilibadilika kabla ya tatizo: apdeti, kuanguka, kumwagikiwa maji. Usifiche maji.
- Mkimbiaji wa mwisho aliyeonekana, na picha ya kioo.
- Umejaribu mara ngapi, imekwama mara ngapi.
- Kumbukumbu za uwashaji uliopita, kama zipo: `journalctl -b -1`.

Linganisha "Linux yenu mbovu, haiwaki" na hii: *"Baada ya apdeti ya jana, kerneli mpya inaishia kioo cheusi sekunde chache baada ya GRUB. Caps Lock haiitikii. Nimejaribu mara 6, imekwama mara 6. Kerneli ya zamani inawaka mara zote. Nikiweka `nomodeset`, mpya nayo inawaka ila maandishi yanakuwa makubwa."* Ni mistari michache, lakini msomaji wake tayari anajua faili gani la kufungua. Tatizo moja, ripoti moja. Na kabla ya kuituma hadharani, ondoa namba ya siri ya mashine (ile serial), jina lako na jina la Wi-Fi yako.

Je, ripoti ya mtu mmoja ina uzito? Mwishoni mwa 2017, wenye laptopu za Lenovo na za kampuni nyingine kadhaa walisakinisha Ubuntu 17.10, kisha wakagundua BIOS haihifadhi tena mipangilio, na baadhi hawakuweza kuwasha kwa USB. Mmoja mmoja, kila mtu angeambiwa mashine yake imezeeka. Ripoti zilipokusanyika kwenye hitilafu namba 1734147 huko Launchpad, kila mtu akitaja modeli yake, mchoro ukaonekana: kiendeshi kimoja cha kerneli, intel-spi, kilikuwa kinagusa chipu inayohifadhi famwea. Desemba hiyo Canonical iliondoa toleo hilo kwenye ukurasa wake wa kupakulia, na Januari 2018 likarudi likiwa limerekebishwa. Waliopakua baada ya hapo hawakujua hata walichoepushwa.

Kwa hiyo ikitokea kwako, usikimbilie kuformati. Chukua simu, piga picha ya kioo, andika ulichokiona kwa mpangilio. Hata kama hutaelewa maana yake wewe, yupo atakayeelewa.