Kamera Iliyotumika: Ipime Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu mpiga picha, kamera ndiyo jembe lako. Ukiuziwa mbovu, akiba imekwenda na kazi za arusi zimekwenda.

Ganda linalong'aa lisikudanganye. Kinachochakaa ni shata, kipazia kinachofunguka na kufunga kwa kila picha. Chukua Nikon D600 iliyotoka mwaka 2012: shata yake ilijaribiwa mara 150,000. Hicho ni kipimo cha kiwandani, si ahadi. Muuzaji akisema "imetumika kidogo", piga picha moja palepale uifungue kwa programu ya kompyuta. Ndani ya faili imeandikwa idadi ya picha zote. Jina la faili halisaidii, maana hesabu yake huanza upya baada ya 9999.

Kisha bana lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe, ikuze picha. Madoa yanayobaki palepale ni uchafu wa ndani. D600 ilijulikana kwa aibu hiyo, hata mwaka 2014 Nikon ikakubali kubadilisha shata bure. Muulize muuzaji kama yake ilibadilishwa.

Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, mrudishie. Betri nayo ina umri wake kwenye menyu, 0 hadi 4. Ikisoma 4, bei ishuke.