Damu baada ya kutapika: mpeleke hospitali hata kama imekoma

Mtu akitapika chakula, kisha maji, halafu mara ya nne au ya tano ikatoka damu nyekundu, wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Huenda ni hivyo. Lakini huenda pia ni mchaniko sehemu ya chini ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni.

Madaktari huuita mchaniko wa Mallory-Weiss, kwa majina ya madaktari wawili wa Boston, Marekani, walioueleza mwaka 1929. Wagonjwa wao walikuwa wanywaji wa pombe, lakini si tatizo la walevi tu. Mjamzito anayetapika sana, au mtoto mwenye kikohozi kikali, anaweza kuupata. Kila akijikamua, presha ya tumbo hupanda ghafla na ngozi laini ya ndani huchanika.

Kwa hiyo daktari atauliza: alitapika mara ngapi kabla ya damu kuonekana? Mzazi, shika hesabu hiyo. Mweleze pia kama mtoto alitokwa damu puani, kwani damu iliyomezwa hutapikwa.

Maelezo peke yake hayatoshi. Mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya kichocho au ugonjwa wa ini nayo hutoa damu, tena nyingi. Kipimo cha endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ndicho huonyesha damu inatoka wapi.

Habari njema ni kwamba michaniko mingi huacha kuvuja yenyewe na kupona ndani ya siku chache. Mgonjwa hupewa dripu, dawa ya kupunguza asidi na ya kuzuia kutapika. Damu isipokoma, daktari huubana mchaniko kwa klipu ndogo kupitia mrija uleule, au huchoma sindano ya adrenalini. Aliyepoteza damu nyingi huongezewa. Upasuaji ni nadra.

Mkiwa njiani, mlaze ubavu na msimpe chakula. Msimpe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, huongeza kuvuja. Kizunguzungu, jasho la baridi, kinyesi cheusi kama lami au maumivu makali ya kifua ni dharura: msisubiri kupambazuke.